Mara Moja Tena, Baba

Sauti ya Mzee Maige ilikatika katikati ya neno. Alikuwa akisema "simama", na Wilhelmina, aliyekuwa ameketi peke yake katika chumba cha kuhariria sauti huku amefumba macho, alisikia silabi ya kati ikilitoroka sikio la kushoto, ikaning'inia kulia kwa kitambo, kisha kulia nako kukawa kimya. Alifumbua macho. Kwenye kioo cha kompyuta milima midogo ya sauti iliendelea kupita kama kawaida. Baba yake alikuwa angali anaongea. Ni yeye tu aliyekuwa hamsikii.

Aliuminya waya wa hedifoni, akaukunja, akauchomeka upya. Wapi. Akabaki amezipakata mapajani kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga kilichokufa.

Zilikuwa zimemtumikia miaka saba. Ngozi ya masikioni ilipopukutika, alizishonea kipande cha suruali kuukuu ya jinzi, na wenzake pale redioni wakawa wanamtania kwamba anavaa suruali kichwani. Hakujali. Ndani ya kitambaa kile kila kitu kilisikika kwa upole, kama mazungumzo ya chumba cha pili katika nyumba yenye watu unaowapenda. Na tangu Agosti, walipomzika baba yake, kila mchana wenzake walipoteremka kwenda kula yeye alibaki juu, akafunga mlango, akamsikiliza. Dakika arobaini na moja, rekodi nzima ambayo haijakatwa. Siku nyingine alikula baadaye, siku nyingine hakula kabisa.

Mzee Maige alikuwa mpanga magari katika kivuko cha Kigongo kwa miaka ishirini na sita. Malori ya pamba, mabasi ya Geita na Bukoba, ng'ombe wa mnadani, majeneza yanayorudishwa kwao: vyote viliingia kivukoni kwa amri ya koo lake. Hakupewa kipaza sauti, na hata angepewa kingemchekesha. "Rudi! Rudi! Kata kushoto! Njoo! Simama!" Madereva waliifahamu sauti yake kabla ya sura yake. Wilhelmina, enzi za utoto, aliisikia kutoka uani kwao akiosha vyombo, na kila alipoisikia moyo wake ulitulia, ingawa hakuwa amejua kwamba haukuwa umetulia.

Daraja la kuvuka ziwa lilipokaribia kufunguliwa, na ikawa wazi kwamba kazi ya vivuko pale inafika mwisho, Obedi, mkuu wa vipindi, alimtuma atengeneze kipindi juu ya watu wa kivuko. "Wewe unaye nyumbani," alimwambia. "Usihangaike kutafuta." Basi siku moja ya Aprili alikwenda Kigongo na kinasa sauti chake, akamketisha baba yake sebuleni, akavaa hedifoni zake za jinzi, akamhoji kama anavyohoji wageni. Kipindi kiliporushwa, mwezi Juni, watu walipiga simu kutoka Sengerema hadi Magu. Mzee mwenyewe alimpigia binti yake akicheka.

"Umenirudisha nyuma miaka ishirini, Mina," alisema.

Yeye akalipokea neno hilo kama sifa. Wiki saba baadaye moyo wa mzee, ambao madaktari walikuja kusema ulikuwa umepanuka kwa muda mrefu, ulisimama.

*

Odeta alikuwa fundi wa simu na redio mwenye kibanda chake Nyamagana, si mbali na stendi. Mwanamke mnene wa makamo aliyevaa miwani miwili kwa pamoja, mmoja juu ya mwingine. Aliupapasa waya kwa vidole kama anayetafuta mshipa.

"Umekatikia ndani. Nitautengeneza, lakini spea yake mpaka niagize Dar. Nipe wiki tatu, nne. Kazi utafanyia nini?"

"Ndiyo nimekuja kuangalia."

Odeta akampangia hedifoni tano mezani. Wilhelmina alichomeka ya kwanza kwenye simu yake, akaifungua rekodi. Baba yake akatokea akiongea kutoka ndani ya simtanki. Katika ya pili alikuwa mtu anayepiga simu mahali pasipo na mtandao mzuri, pua tupu. Ya tatu ilimjaza besi mpaka akawa mhubiri wa mkutano wa hadhara. Ya nne aliivua kabla hajasikia sentensi nzima. Ya tano ilikuwa safi, na ndiyo iliyomtisha zaidi: kila herufi ilisimama peke yake, kavu, yenye ncha, kana kwamba mzee amenyolewa sauti.

"Zote mbovu," alisema.

"Zote nzima," Odeta akajibu bila kukasirika. Aliivaa ile ya tano mwenyewe, akasikiliza kidogo, akaivua. "Hii ndiyo ya kazi. Ile yako ilikuwa imeziba sauti za juu siku nyingi. Umeshonea jinzi mpaka penye spika, dada, ulikuwa unasikiliza dunia kupitia blanketi. Ila umelizoea blanketi, kwa hiyo unaona dunia ndivyo ilivyo."

"Hii siyo sauti yake."

"Wala ile ya kwanza haikuwa. Hakuna hedifoni isiyo na tabia yake. Unajua ukiacha sukari kwenye chai? Wiki ya kwanza unakunywa dawa. Wiki ya tatu, nne, mtu akikutilia sukari ndipo unapotema. Masikio nayo ni hivyohivyo. Kaa nayo." Akaanza kukunja waya, kisha akasita. "Ni nani huyu?"

"Baba."

"Yupo?"

"Tumemzika Agosti."

Odeta aliweka waya chini, akavua miwani yote miwili. "Pole sana, dada yangu," alisema.

Wilhelmina alikuwa amekwisha kuilipia ile ya tano na kufika nje alipogeuka na kurudi. "Na nikishaizoea?" aliuliza.

"Nini?"

"Hii mpya. Nikishaizoea, sauti yake itakuwa ipi?"

Odeta alifikiri. "Itakuwa hii," alisema, na uso wake ulionyesha kwamba angependa kuwa na jibu jingine.

*

Kesho yake mchana alifunga mlango, akaanza kusikiliza tangu mwanzo.

Kwanza alisikia kuku. Miezi yote ile hakuwa amejua kwamba siku ya mahojiano kulikuwa na kuku uani. Halafu bati la nyumba likinyooka kwa jua, halafu mashine ya kusaga ya jirani, mbali. Chini ya vyote hivyo palikuwa na kitu kingine, filimbi nyembamba iliyojitokeza kila mwisho wa sentensi na kuzimika sentensi nyingine ilipoanza. Alidhani ni kasoro ya hedifoni. Akafungua rekodi ya mtu mwingine, mwalimu wa kwaya aliyemhoji juma lile. Safi. Akarudi kwa baba yake. Filimbi ilikuwepo. Ilitoka kifuani mwa mzee.

Alikaa wima.

Dakika ya kumi na tisa alijisikia mwenyewe, mchangamfu, mtu wa redio: "Hebu ita kama ulivyokuwa ukiita, baba." Mzee akaita. Rudi, rudi, kata kushoto, njoo, simama. Sauti iligonga kuta. Yule Wilhelmina wa Aprili akasema, "Samahani, sauti imepasuka, mashine ilikuwa juu mno. Mara moja tena, baba." Mzee akaita tena. "Lori la nje limeingia. Mara moja tena, baba. Ya mwisho."

Kati ya ombi hilo na mwito wa tatu kulikuwa na sekunde kumi na nne. Miezi mitatu alizipenda sekunde hizo. Alizichukulia kuwa ni mzee anakumbuka, anasimama tena kwenye gati lake, anayatazama malori yake. Ndani ya hedifoni mpya hazikuwa kimya. Zilikuwa na mtu anayevuta hewa isiyokuja. Alivuta fupi, akavuta fupi, kukasikika kitu kikikwaruza ndani kama kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji, akavuta tena, akameza mate. Mwishoni, kwa chini sana, alisema neno ambalo Wilhelmina hakuwahi kulisikia: "Haya." Kisha akaita kwa mara ya tatu, na ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Ndiyo iliyorushwa hewani. Kwenye kipindi, zile sekunde kumi na nne alizikata mwenyewe. Aliyatazama mawimbi kwenye kioo, akachagua mahali tambarare, akabonyeza, zikatoweka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliijua vizuri: kusafisha. Aliondoa vikohozi, aliondoa "eee" na "yaani", na aliondoa pumzi. Kila mwaka aliwafundisha wanaojifunza kazi kwamba msikilizaji hataki kusikia mtu anahema. Sasa alihesabu kichwani ni pumzi ngapi za baba yake alizotupa ili kumpata yule mtu mwenye koo la tarumbeta ambaye Sengerema na Magu walimpigia simu kumsifu, na hakufika mwisho wa hesabu.

Obedi alipofungua mlango saa nane alimkuta amelaza kichwa mezani, hedifoni shingoni. Akaurudishia mlango polepole.

*

Jumamosi alipanda gari Buhongwa, akafika Kigongo kabla jua halijakaza. Mama yake, Suzana, alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, ungo wa choroko mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umevimba macho?"

Wilhelmina aliketi bila kuvua viatu. "Siku ile nilipokuja kumrekodi baba, alikuwa anaumwa?"

Vidole vya Suzana vilisimama juu ya choroko. "Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Nimemsikia."

Mama yake aliendelea kuchambua kwa muda, akitupa vijiwe pembeni. "Alikuwa anaumwa tangu mwaka wa nyuma yake," alisema hatimaye. "Miguu ilikuwa ikijaa jioni. Alikuwa analala ameketi, namwekea mito mitatu."

"Na hukuniambia."

"Alinikataza."

"Mama, nilimpigisha kelele mara tatu. Mara tatu! Ulikuwa jikoni, ulisikia."

"Nilisikia. Nilikuja mpaka pale mlangoni. Akaninyooshea mkono hivi." Suzana aliinua kiganja, kama alivyokuwa akiinua mumewe mbele ya malori. "Nirudi. Nikarudi."

Wilhelmina alianza kulia, na mama yake akamwacha alie. Suzana aliposema tena, alisema bila kumtazama.

"Usifikiri ulimlazimisha. Siku ile aliamka akanyoa ndevu. Akakaa kwenye kile kiti tangu saa mbili asubuhi, hasemi. Jirani akaja kumwamkia, akamwitikia kwa kichwa. Nikamuuliza, leo kulikoni, umenuna? Akaninong'oneza: 'Namwekea Mina.' Nikamwambia unamwekea nini? Akagusa hapa." Aligusa kifua chake. "Wewe uliingia saa nane. Tangu asubuhi mpaka saa nane hakutumia hata neno."

Upepo wa ziwa ulileta harufu ya majani mabichi na moshi. Kule chini, gatini, hapakuwa na lori hata moja.

"Mngeniambia ningezima," Wilhelmina alisema. "Ningempeleka hospitali siku ileile. Mlinifanya mgeni, mama."

"Ulikuja kama mgeni." Suzana hakupandisha sauti. "Ulikuja na mashine, ukamketisha kama mtu wa redio, ukajifunika masikio. Mimi nilikuwa jikoni nikisema moyoni: akiyavua yale madude atamsikia baba yake. Dakika moja tu, ayavue. Hukuyavua."

Neno hilo likakaa kati yao. Ilionekana kwamba Suzana alikuwa amelibeba tangu Aprili, na kwamba kulitua hakukumpunguzia mzigo. Walikula mchana pamoja, wakaulizana habari za majirani. Alipoondoka, mama yake alimsindikiza hadi barabarani kama desturi, lakini hakumshika mkono.

*

Aliendelea na hedifoni mpya. Mwanzoni kila mtu alihema. Wakulima walihema, wauguzi, diwani aliyekuja kuzungumzia maji, wote walikuwa na vifua, na Wilhelmina hakuweza tena kuvikata. Obedi akamjia.

"Huyu bibi wa Ilemela anahema kipindi kizima."

"Ni mzee. Anahema."

Obedi alimtazama, akaondoka, na bibi wa Ilemela akaenda hewani na pumzi zake zote.

Kila mchana alimsikiliza baba yake. Alikuwa amejiwekea adhabu: kuzisikia zile sekunde kumi na nne hadi mwisho, bila kuvua. Juma la kwanza zilimtetemesha. Juma la pili alizijua kama mtu anavyozijua ngazi za nyumba yake gizani. Juma la nne, siku ya Jumatano, alishtuka kuona rekodi imefika dakika ya ishirini na tano. Alikuwa amezipita. Alikuwa akiwaza bili ya umeme, na pumzi ya baba yake ikiomba hewa masikioni mwake ilipita kama mashine ya jirani.

Alirudisha nyuma. Zilikuwepo, ila alilazimika kuzitafuta.

Jioni ileile Odeta alimpigia kwamba zile za zamani zimepona. Wilhelmina alikwenda karibu mbio. Alizivaa palepale kibandani, kitambaa cha jinzi kikamgusa masikio kwa ule ulaini anaoufahamu, akafumba macho, akawasha.

Mtu asiyemjua alianza kuongea. Alikuwa mbali, mzito, amefungwa ndani ya matandiko yaliyolowa maji, na maneno yake hayakuwa na meno. Wilhelmina alingoja sauti ikae sawa. Haikukaa.

"Umeziharibu," alimwambia Odeta.

"Sijagusa zaidi ya waya. Kitambaa chako hicho, nyuzi zako hizo."

Alijaribu upya, dakika tano, kumi, huku wateja wakipita nyuma yake na Odeta akiwahudumia kwa sauti ya chini. Mwishowe alizivua. Yule baba aliyemlilia miezi mitatu, mpole, wa chumba cha pili, hakuwepo tena ndani ya hedifoni zile wala mahali pengine popote. Na yule wa pili, mwenye kifua kinachokwaruza, naye alikuwa ameanza kuondoka. Alikuwa amempoteza tena, na safari hii hapakuwa na turubai uani, wala watu waliokuja kushika mkono na kusema pole.

"Siku hizi unakunywa chai bila sukari," Odeta alisema taratibu.

Wilhelmina alitikisa kichwa kukubali.

*

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda tena Kigongo. Suzana alikuwa amebadilisha nguo za kanisani na kuketi palepale barazani, miguu ameinyoosha, upande mmoja wa mkeka akiwa ameuacha wazi. Wilhelmina safari hii alivua viatu.

"Mama, nataka unisikilizie."

"Nini?"

"Baba. Yote, kama ilivyokuwa kabla sijaikata." Aliitoa hedifoni ya kazi mkobani. "Nimesikiliza mpaka masikio yangu siyaamini tena. Sijui tena yupi ni yeye. Wewe ndiye unayemjua. Usikilize, halafu uniambie."

Suzana hakuwa ameisikia sauti ya mumewe tangu Agosti. Jirani alipojaribu kumwekea kipindi kwenye simu, siku ya arobaini, alinyanyuka akaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika. Sasa aliitazama hedifoni kwa muda mrefu. Alifuta mikono kwenye kanga, akavua kilemba, nywele zake zikaonekana zilivyopungua, akainamisha kichwa mbele ya binti yake ili avalishwe.

Wilhelmina aliwasha, akaketi mkabala naye kwenye sakafu.

"Ananiita jina langu la usichana!" Suzana alipaza sauti ghafla, kwa ukelele wa mtu aliyezibwa masikio, na kuku wakatawanyika. Alitazama mbele, kule ambako ziwa lilionekana katikati ya migomba, na uso wake haukubadilika. Wilhelmina alitafuta jibu katika uso huo, ndiyo au siyo, asilione. Yeye mwenyewe hakusikia chochote isipokuwa upepo na, mara kwa mara, mnong'ono mkavu uliovuja pembeni mwa sikio la mama yake, usio na maneno.

Ndipo alipouona mkono.

Mkono wa kushoto wa Suzana ulikuwa umetoka mapajani na kwenda upande ule wa mkeka uliokuwa wazi. Ulipanda juu kidogo, kimo cha mgongo wa mtu aliyeketi, ukaanza kusugua hewa, taratibu, kwa mviringo, kiganja kimekunjuliwa. Ukasimama. Baada ya kitambo ukaanza tena. Suzana hakuwa akiutazama. Pengine hakujua kwamba umeondoka. Ulisugua, ukatulia, ukasugua, na Wilhelmina akatambua kwamba anaifuata rekodi bila kuisikia: hapa mzee anasimulia mafuriko, hapa amemaliza sentensi, hapa anavuta hewa, hapa ameipata.

Alisogea karibu na kungoja. Mkono ulitulia kwa muda, ukapanda tena, na safari hii haukushuka. Ulizunguka na kuzunguka, ukazidisha nguvu, mpaka bangili ya shaba ikawa inagonga mfupa wa kifundo cha mkono wake kila ulipopita chini, sekunde tatu, tano, tisa, na midomo ya Suzana ikawa imefunguka, naye anavuta hewa pamoja na mumewe, fupi, fupi, akimsaidia.